Kimya kwa Zloti Elfu Moja na Mia Mbili

Bogumiła alinipa bahasha yenye harufu ya hamira,
noti za mia kumi na mbili, zimenyooka kama zimepigwa pasi.
"Nijengee kompyuta isiyopiga kelele," akasema.
"Mengine siyajui, wala usinieleze."

Mimi ni fundi wa tramu, karakana ya Łódź.
Nimezoea vitu vinavyonguruma vikiwa vizima;
kikinyamaza, ndipo ninaposhika spana.
Kimya, kwangu mimi, ni ugonjwa.

Lakini yeye hurekodi ndege.
Kila Mei, akitoka zamu ya usiku na unga kwenye nyusi,
hupanda basi la kwanza kwenda mabondeni,
akalala kifudifudi kwenye nyasi zilizolowa
akimvizia ndege mmoja asiyeonekana,
sauti yake kama kitana kinachokwaruzwa kwa ukucha:
krek, krek. Krek, krek.
Anazo saa mia tatu za hiyo krek-krek
na kompyuta ya marehemu kaka yake,
ambayo feni yake inamfunika ndege gubigubi.

Jumamosi nikaenda gulioni, theluji ya matope viatuni.
Prosesa ya miaka sita iliyopita, picha inazitoa yenyewe,
kadi ya picha ya nini? Ndege wenyewe haonekani.
Bwana Ireneusz akaifuta kwa shati, akataja mia tatu.
Nikaigeuza, nikakagua pini moja moja kwenye mwanga:
zote wima, hakuna iliyopinda.
Mia mbili na hamsini. Tukapeana mikono ya baridi.

Ubao mama, mia mbili na kumi, betri yake imekufa,
msiba wa zloti tatu.
Diski isiyozunguka, maana izungukayo huimba.
Kumbukumbu gigabaiti kumi na sita, vijiti viwili,
kimoja kijani, kimoja cheusi, ndugu wa baba mbalimbali.
Kordian, mpwa wake, alikuwa ameniandikia kwa siri:
*Anko, weka taa zinazobadilika rangi.*
Nikamjibu: nunua mshumaa.

Kisha pawa saplai.
Kijana mmoja alikuwa nayo ya zloti sitini,
nikaipima mkononi: nyepesi kama kiberiti.
Kitu cha umeme kikiwa chepesi hivyo,
kuna kitu ndani ambacho hakimo.
Rahisi inavunja upishi, na huyu ni mwoka mikate.
Nikaenda dukani, nikachukua mpya, kwa risiti,
mia mbili na themanini,
feni yake hulala mpaka joto liiamshe.

Na kipoza joto, mabomba ya shaba na mapezi,
kikubwa kama mkate wa shayiri.
Kwenye karatasi niliyompa nimeandika mia na tisini.
Kilikuwa mia mbili na sitini.
Hajui mpaka leo. Na wewe nyamaza.

Kasha sikununua. Lilikuwa stoo ya karakana,
rangi ya meno ya mvuta sigara, mlango umebonyea.
Nikalinyoosha kwa nyundo ya mpira,
nikalibandika ndani kitambaa cha viti vya tramu
kilichobaki tulipobadilisha mabehewa ya laini ya kumi.

Jikoni kwake nikabonyeza kitufe.
Hakuna kitu.
"Imekufa?" akauliza.
Nami, Mungu anisamehe, mkono ulishakwenda kwenye bisibisi.
Kisha kioo kikapambazuka, taratibu, buluu.
Ilikuwa inafanya kazi muda wote ule,
kama mito ya mji huu iliyofukiwa chini ya barabara:
inakwenda, haisikiki.

Akavaa visikizio. Akachagua faili la miaka tisa iliyopita.
Akafumba macho. Mimi nikabaki nikiutazama unga kwenye nyusi.
Ghafla akacheka, akanivisha sikio moja:
krek, krek, na nyuma yake, mbali,
ngurumo ndefu, ya aibu.

"Tumbo langu," akasema.
"Kumbe siku ile nilikuwa na njaa."