Ukurasa wa 114

Maboksi manne yalishuka kwenye basi la Masasi,
kamba ya katani kiunoni, moja limeloa pembeni.
Nakala mia mbili. Korosho zote za shamba la marehemu mama,
malipo ya kwanza na ya pili, na nauli ya bodaboda juu yake.
Nilikata kamba kwa meno.
Harufu ya wino nikaivuta kama ugoro.

Jalada lina jina langu, Somoe Nanjota,
na chini ya jina, Newala inaelea.

Ndiyo hadithi yenyewe: mwaka elfu mbili mia tatu na sita
uwanda wetu umeng'oka kama jino,
udongo wake mwekundu, mikorosho yake, madeni yake,
na watu wanateka maji mawinguni kwa ndoo
(foleni, hata huko juu, ni ileile).
Binti mmoja, Nambunga, anateremka kwa kamba pale Shimo la Mungu
kuangalia kama chini bado kupo.
Kurasa kumi nzima anateremka.
Ukurasa wa mia moja na kumi na nne, mguu wake unagusa

hakuna.
Karatasi tupu. Nakala zote,
nyeupe kama sembe ya wageni.

Mchapaji wa Dar es Salaam akasema kwenye simu:
mashine ilikohoa, dada, na mashine haishitakiwi.
Akasema tena: si hadithi ya kubuni? Basi wasomaji nao wabuni.

Nikanunua kalamu za bluu, dazeni.
Usiku, kwa taa ya sola, nikaandika kwa mkono
aya nne zilezile, nakala baada ya nakala:
unagusa mchanga, mchanga una joto,
kuna mtu alilala hapa si zamani.
Kufika ya thelathini na kitu mkono ukachoka kutii.
Mchanga ukawa maji.
Ya sitini ukawa paa la bati, na ndani mtu anakohoa.
Katika moja, sikumbuki nilimuuzia nani,
hakugusa kitu; kamba iliendelea tu.
Katika nyingine aligusa mgongo wa mama, ameinama, anapalilia.
Hiyo sijaiuza.

Ofisa elimu aliuliza: kipo kwenye mtaala?
Akauliza pia: haya yametokea lini?
Nikasema bado. Akafunga droo.
Duka la vifaa vya shule lilipokea tano, mali kauli,
likazipanga kati ya madaftari na sumu ya panya.
Mjomba Chitanda alinunua moja kwa huruma,
akaitia chini ya mguu wa meza ya cherehani.
Meza imetulia, kwa kweli.

Kisha, msimu wa kupuliza, akaja Mfaume,
pampu mgongoni, miwani, kitambaa puani,
wingu la salfa likimfuata katikati ya mikorosho,
nikadhani mmoja wa watu wangu
ameshuka kabla sijamwandika.

"Wewe ndiye Somoe? Mbona kwenye changu anagusa maji,
na kwenye cha shemeji, kule Nanyamba, anagusa bati?
Tumebishana mpaka chai imepoa. Upi wa kweli?"

Ningeweza kumtaja mchapaji.
Ningeweza kumwonyesha kidole, kilivyovimba.
Nikasema: na wewe, ulitaka aguse nini?

Akavua miwani. Maduara mawili safi
kwenye uso uliojaa unga wa dawa.
Alifikiri kuliko ofisa elimu.
"Mimi," akasema, akakohoa, "ningetaka akute mtu
ameishika ile ncha ya kamba.
Ameishika siku zote. Isiyumbe."

Uvunguni zimebaki arobaini na moja.
Nimefungua moja, nimeandika ya Mfaume neno kwa neno,
na kikohozi chake nimekitia.
Bei ni elfu nane. Anasema ana tano.
Nimempa, mali kauli,
mpaka mnada wa kwanza wa Oktoba.