Tope la Kisiwa Panza

Wamekuja na mabomba, na vitabu mikononi,
Hewa ukaa ya Pemba, eti, ipo matopeni.
Mimi Mize nikagomba: hewa hushikwa na nini?
Nijuacho humu kamba, na chaza wa mikokoni.

Bomba likadidimia, mita mbili, likavutwa;
Halua kwenye sinia, tope likakatwakatwa.
Kijana akanambia: “Moshi hapa umekutwa.”
Kwenye hati atatia, sera ya nchi yaitwa.

Asema, kwa wenye mali, moshi huzikwa mwambani;
Mitambo yake ni ghali, hapa ataweka nani?
Mkoko hauna bili, kazi yake mizizini.
Nikamwambia: “Ni kweli, ila posho yangu lini?”

Nikakumbuka makaa, na chokaa tulopika,
Mwaka ule wa balaa, bei ya mbata kushuka.
Tulikata bila taa, sheha asije amka.
Moshi wangu umekaa humu, ama ulitoka?

Hakujibu; akafunga kifuko, akakipima.
Boti yao ikasonga, bamvua ikisimama.
Tundu lao nikaganga, hadi goti nikazama,
Nikaliambia: “Chunga na langu, hadi Kiyama.”