Kipande cha Nne

Feiswal amerudi na kazi ya shule:
vipande vitatu vya mkate mweupe,
mifuko mitatu ya plastiki, na agizo
la Bi Threlfall kwa herufi nene:
ukishafunga, usifungue tena.

Cha kwanza kishikwe na mkono uliotoka kucheza.
Cha pili, mkono uliooshwa kwa sabuni
mpaka katikati ya vidole,
kwa muda wa kuhesabu ishirini.
Cha tatu kisiguswe kabisa; kiingie kwa koleo.

Mimi nipo jikoni, Coventry, Januari,
mchele uliolala majini nimeusaga na tui la kopo,
iliki, sukari, kijiko cha hamira.
Bakuli nimelifunika, nimelisogeza kwenye hita
kama mgonjwa. Baada ya saa, linapumua.
"Mama, na hawa wako hai?"
Wako hai. Ni kuvu, mwanangu, ila kuvu wa heri:
wanakula sukari, wanacheua hewa,
na hewa yao ndiyo matundu ya mkate wa kumimina.
Na ndani ya chupa ya chai, niliyoivisha sweta la baba yako,
mtindi unaganda: kijiko cha jana
kinalea lita nzima ya leo.
Tumbo lako lenyewe ni mji wa bakteria.
Hawakulipi kodi, wala hawakudai.

Lakini yule wa chumbani.
Yule hakualikwa.
Alianza doa kama la chai, kwenye pembe
nyuma ya kitanda cha mtoto,
akatambaa, akafuga ndevu.
Bwana Pettifer wa wakala ameandika
kuwa tunapika sana, tunaanika nguo ndani,
tufungue madirisha.
Tulifungua. Baridi iliingia, yeye hakutoka.
Wameleta rangi nyeupe mara mbili;
chini ya rangi hujikalia kimya, kisha hurudi
kama mdai anayeijua saa ya chakula.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo nilivyofunzwa.
Ufa nauona. Ukuta ni wa mtu.

Jumamosi namtoa Feiswal nje,
navaa glavu, barakoa, naloanisha kwanza
maana akifutwa mkavu hurusha mbegu.
Dawa moja tu, sichanganyi:
Bi Adelphine wa ghorofa ya chini alichanganya mbili
akatoka akikohoa hadi barabarani.
Kitambaa mfukoni, mfuko fundo, fundo jaani.
Wiki mbili. Kisha doa.

Siku ya tisa tunapanga mifuko dirishani.
Cha tatu kimekauka tu, hakina habari.
Cha pili, vidoa viwili.
Cha kwanza kijani, kiwanja cha mpira.
Kisha akatoa mfuko wa nne, nisioujua.
Ndani mweusi wote, umeota manyoya.
Kwa penseli: UKUTA WANGU.
Alichukua kile kichwa cha mkate nilichotaka kutupa,
akakipitisha pale pembeni, akafunga, akanawa.

Nikasema nitautia kwenye bahasha,
nimtumie Pettifer kwa posta,
aufungue mwenyewe juu ya meza yake.
Feiswal akatikisa kichwa, mkali kama daktari:
"Haufunguliwi, mama. Na mtu yeyote."

Ukaenda shule. Bi Threlfall aliuinua kwenye mwanga,
hakucheka. Aliuliza ukuta uko upande gani wa mto,
na kama huyu mtoto hulala akikohoa,
akaandika kitu ambacho hakikuwa alama.

Sijui barua yake itafika wapi.
Mkate umeiva, nimeugeuza, una matundu kama asali ya kwenye sega.
Yeye yuko kwenye sinki, anahesabu kwa Kiswahili,
povu hadi vifundoni.
Kumi na tano. Kumi na sita.
Anageuza uso, anakohoa kwenye kiwiko,
anafikiri,
anaanza tena moja.