Ritifaa

Mtoto ana siku kumi na tisa na hana jina la karatasi.
La mdomoni analo, tangu usiku ule wa Makole
mama mkwe alipomfunua uso akasema: huyu ni yeye,
karudi na paji lake.
Basi, akaitwa kwa bibi wa baba yake, wa Ng'hong'honha,
kata ambayo hata kibao chake
kila fundi rangi anakiandika kwa imani yake.

Shida ni kuandika.

Bibi hakuandika. Aliandikwa.
Kwenye kadi ya kura ni NANGA.
Kwenye daftari la wakulima wa zabibu ni Nangha,
kwa wino uliolowa.
Kwenye msalaba wa saruji, mjukuu alikwangua kwa msumari
kabla haujakauka: Nang'a,
nafasi ikaisha, au msumari.

Mume wangu ni fundi ujenzi, hesabu zake ni za tofali:
"Nanga. Herufi tano. Kwenye mtihani atakuwa swali la pili
wenzake bado wanahangaika na majina."
Nanga, Chidawali?
Sisi na bahari wapi na wapi?
Huku mto wenyewe ni mchanga miezi minane.
Mwanangu atang'ang'ania nini huko chini?

Mjomba Masima, mwalimu mstaafu wa Kongwa,
hakupiga simu. Alituma ubeti:

    Mpe jina lisomeke, asije sumbuka shule,
    Herufi ziso makeke, zitamkwe vilevile,
    Nang'aa na lipendeke, lang'ara hapa na kule,
    Bibi kule asicheke, jina lake ni lilele.

Ubeti safi. Mizani imetimia, nimeihesabu kwa vidole
huku nanyonyesha.
Lakini Nang'aa kila akiitwa atakuwa anajisifu.
Na bibi niliyemkuta mimi hakuwa wa kung'aa.
Alikuwa wa kunyamaza,
kisha asubuhi unakuta debe la uwele mlangoni
na hakuna aliyelileta.

Mimi naitaka ile h.

Mimi ni Mrangi, nimeolewa tu huku.
Mwaka mzima nililikosea jina lake, naye aliitika tu,
Nanga akaitika, Nana akaitika,
mpaka siku moja tunachambua mlenda
akanishika kidole, akakiweka chini ya pua yake,
akalitamka.
Hewa ikanigusa. Fupi, ya moto, kama ya ndama.
Akarudia, nisije nikadhani ni bahati.

Hewa ile ndiyo h.
Na ritifaa, nadhani, ni kidole changu.

Ofisini, dada wa kompyuta hakuinua macho.
"Hiyo alama mashine haiitaki, mama.
Ona inavyofanya."
Nang?ha.
Nikacheka mpaka mtoto akaachia ziwa.
Mwanangu, hata serikali inakuuliza.
"Humu hata ng'ombe anakuwa ngombe," akasema.
"Na maziwa anatoa?"
Nyuma yangu foleni ikaguna, mzee mmoja akakohoa kwa makusudi.

Nikasema, haya, andika bila.
N, a, n, g, h, a.
Nilizitaja moja moja kama mtu anayehesabu chenji
na anajua imepungua.
Akaandika. Akaigeuza skrini niikague,
na yeye akaisoma, taratibu, kwa kazi tu,
na hewa ikamtoka puani.

"Dada, wewe wa wapi?"
"Mvumi," akasema. "Mwingine!"

Njiani, kwenye kivuli cha duka la simenti,
nilitoa kadi ya kliniki na kalamu ya kuazima.
Upepo ulikuwa unaleta lile vumbi lake la Septemba,
ikabidi niikandamize kadi kwa goti.
Nikakiweka kidole changu mahali pake,
kidogo, cha bluu, kimeinama kidogo,
juu tu ya uzito wake: kilo tatu na gramu mia nne.