Iliki na Petroli

Aliyeniuzia gari, kule Changamwe,
alikuwa amebandika tepu nyeusi juu ya taa ya injini,
kipande kidogo, sawa na ukucha wa kidole gumba.
Nilidhani ni uchafu. Nikakibandua kwa kisu
na taa ikanitazama, ya manjano, haipepesi,
kama mtoto aliyefungiwa chumbani
akaambiwa wageni wakiondoka atatoka.

Sikuijali. Gari lilikwenda.
Ni Mama Kadzo wa duka la Bombolulu aliyenirudishia sinia:
"Dada, mahamri yako yananuka petroli."
Nikanusa. Tui, iliki, hamira,
na nyuma yao, kama shemeji asiyealikwa, petroli.

Khelef fundi alisema elfu kumi na nane, tangi lishushwe,
"au uirudishe tepu." Akacheka.
Kwa shilingi kumi kumi hayo ni mahamri alfu moja na mia nane,
kabla ya unga, kabla ya mafuta.
Mimi sikucheka.

Mishi akaazima kisomaji kwa rafikiye wa Tudor,
akakichomeka chini ya usukani:
P, sufuri, nne, tano, tano.
"Mama, kuna mahali panavuja. Si petroli yenyewe. Pumzi yake."
Akanichorea nyuma ya karatasi ya unga:
tangi likipata joto hupumua,
na mvuke ule hauachwi upotee hewani,
huingia kwenye kopo, ukalala humo
hadi injini iamke, iuvute, iuchome.
"Na ndani ya kopo mna nini?"
"Makaa."

Nikakaa kitako.
Miaka kumi na tisa nakaanga juu ya makaa,
nayajua yanavyonuna, yanavyokasirika upepo ukigeuka.
Sikujua kama nayaendesha pia.

Tukaanza na kifuniko cha tangi.
Mpira wake ulikuwa mkavu kama ganda la muhogo.
Kipya, Makupa, shilingi mia sita.
Siku tatu taa ikanyamaza.
Siku ya nne, juu ya Daraja la Nyali, ikarudi.

Kisha ile vali ya mbele. Nikaipuliza kwa mdomo:
imefunga, haipitishi hata unyasi wa pumzi.
Haina kosa, maskini.
Midomo ilininuka petroli hadi isha.

Jumapili nikalizima jiko kwa mkono wangu,
siku nzima bila mahamri. Hata chetezo nilikipeleka kwa jirani.
Gari juu ya jeki, na matofali ya saruji chini yake,
maana jeki ni rafiki wa mchana tu.
Mishi na pampu ya baiskeli:
"Pole pole, kama unapoza uji wa mtoto mchanga."
Mimi chali juu ya mkeka, sponji, povu la sabuni ya unga,
kiungo kwa kiungo.
Hapa kimya.
Hapa kimya.
Sabuni jichoni, kimya.
Nyuma ya kopo, mpira unapopinda,
povu likaanza kuota: moja, mawili,
halafu rundo, likaumuka kama kinyunya changu cha alfajiri.
"Wacha!" nikapiga kelele. "Wacha, nimemwona!"
Ufa. Haukuzidi punje ya mchele.

Mpira futi moja, vibano viwili, shilingi mia nne.
Khelef hakuulizwa.

Wiki mbili sasa taa haijawaka.
Siiamini bado. Kila asubuhi naitazama yeye
kabla ya kuitazama barabara.

Jana Mama Kadzo alifunua sinia, akainama,
akanusa muda mrefu kuliko adabu.
Akahesabu arobaini.
Hakusema kitu.

Gundi ya ile tepu ingalipo kwenye kioo,
mraba mdogo, vumbi la unga linanata papo hapo.
Mishi anataka kuusugua.
Nimemkataza.