Swali la Nne

Mkufunzi kaja na projekta na chupa ya maji,
katukalisha ukumbini, maafisa usajili kumi na mmoja,
Kanduyi, Jumamosi, mabati yakialika kwa jua.
"Neno *hakika* lifuteni midomoni.
Tajeni karo yote, hata ya mtihani.
Kazi haiahidiwi."

Makokha akaandika "haiahidiwi" mara mbili.

Swali la nne. Mzazi akiuliza: mwanangu ataajiriwa?
A. Bila shaka.
B. Mungu akipenda.
C. Hatuwezi kuahidi; takwimu zetu ni hizi.

Nikamkumbuka mamake Nekoye, mwaka juzi,
tope la Chwele viatuni,
noti za mtamba aliyemuuza zinanuka zizi bado,
na mimi, kalamu mkononi:
"Hakika, mama. Hakika."
Kamisheni ile ilininunulia meza ya kioo.

Nikazungushia C.
Kumi kwa kumi. Cheti, makofi, soda vuguvugu.

Langoni, Nekoye na ndoo yake ya mayai,
stashahada ya umeme i kabatini kwao.
Akanimenyea moja, akalipasua, akatia kachumbari.
Nikampa mia.
Akanihesabia chenji kiganjani,
shilingi kwa shilingi,
hadi ya mwisho.