Mengineyo

Kikao cha saa moja jioni kilianza saa mbili kasorobo
kwa sababu hita ya ukumbi wa shule iligoma
na Kvido akaenda kuazima nyingine kanisani.
Waliohudhuria: sitini na wanne. Wenye udhuru: wawili.
Na mbwa mmoja, ambaye hakuorodheshwa.

Mimi ndiye katibu. Naandika kilichosemwa.

Ajenda ya tatu: kiwanda cha vifungo,
chenyewe kikitumikia kifungo
cha miaka thelathini na mmoja, bila shtaka,
madirisha yametobolewa na mawe ya vizazi viwili,
mti wa mbetula umeota juu ya paa
na hakuna aliyeupanda.

Bwana Hošek wa kampuni, kutoka Brno, alitandika michoro:
fleti arobaini na nane, maegesho chini ya ardhi,
mgahawa wa vioo,
na watu wa kuchorwa, wembamba, wasio na vivuli,
wakitembea juu ya nyasi ambazo hazijawahi kukojolewa.
Alisema wenyeji watapewa kipaumbele.
Aliulizwa: kipaumbele cha bei, au cha foleni?
Akanywa maji.

Zdislava, anayesomea usanifu, alileta sahihi mia mbili na tatu.
Anataka makumbusho.
Mashine zirudishwe, zing'arishwe, watoto waelezwe.
Alitaja neno urithi mara tisa. Nilihesabu pembeni mwa karatasi.

Ndipo akasimama Bohumila,
na ukumbi ukageuka wote kumtazama, maana
miaka ishirini na sita alitoboa matundu manne manne,
na sote tulijua atakachosema.

"Makombe yalikuja kwa treni," alisema,
"yananuka bahari ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona.
Tukayatoboa, tukayakata, tukavuta vumbi lake.
Vumbi hilo liliingia mapafuni mwa Alois,
na Alois yuko kule mlimani, mstari wa pili.
Makumbusho ya nini? Mimi nakumbuka bila tiketi.
Bomoeni."

Akaketi. Koti lake lilikosa kifungo cha juu;
palikuwa na pini.
(Hili halimo kwenye kumbukumbu.)

Mwalimu Oldřich alizungumzia popo. Watu walicheka.
Akazungumzia asbesto. Hawakucheka.

Vendula alisema mwanawe analala jikoni,
yeye, mkewe, na mtoto wa miezi mitano,
na kwamba historia ni nzuri
lakini haina bafu.
Makofi. Kutoka nyuma mtu akauliza
kama Vendula amesikia bei za fleti hizo.
Vendula akasema amesikia.
Akasema tena, polepole, amesikia.

Kura: ishirini na tisa wanataka mpango wa kampuni,
ishirini na saba hawautaki,
wanane hawakunyanyua mkono kokote,
nami nikiwa mmojawao.
Diwani akasema hata hivyo kura ni ya ushauri tu,
na ripoti ya asbesto itatoka theluji ikiyeyuka.
Ulizuka mzozo kuhusu kwa nini basi tulipiga kura.
Mzozo ulichukua dakika arobaini.

Katibu hakutangaza maslahi yake.
Kwamba ule uzio upande wa reli una tundu,
kwamba mwaka wa tisini na sita lilikuwa dogo zaidi
na sketi yake ilinasa,
kwamba ghala la pili lilikuwa na vifungo hadi vifundoni,
vyeupe, vinavyoteleza,
na mtu, ambaye usiku huu ameketi safu ya nne na mkewe,
alivichota kwa viganja viwili
akavimwaga taratibu juu ya tumbo lake
na vilikuwa baridi, baridi sana,
na walicheka mpaka popo wakatoka.

Alinyanyua mkono kutaka pabomolewe, yule wa safu ya nne.
Nilimhesabu sawasawa. Nilimhesabu mara mbili.

Tulipanga viti. Kvido alirudisha hita.
Nje barafu ilikuwa imeshika ngazi,
Zdislava alimpa Bohumila mkono, na Bohumila aliupokea,
wakashuka wakibishana.

Mengineyo: hakuna.
Kikao kilifungwa saa nne na dakika kumi.